Fahali Hana Kiwele

Jirani yangu hapa Lukenya amenikubalia niyaandike yaliyompata, kwa sharti kwamba jina lake nisilitaje. Amekubali kwa sababu anajua kwamba mwaka huu, kama kila mwaka, kuna mtu atakwenda mnadani na pesa alizozikusanya kwa taabu, atamwona dume kubwa lililonawiri, na moyo wake utakuwa umeshanunua kabla mdomo haujauliza swali hata moja. Nami nimeona nina wajibu wa kuyaandika kwa sababu nilikuwepo siku fahali yule aliposhushwa kwenye lori, na nilikuwa wa kwanza kumsifu.

Ilikuwa Julai 2015. Jirani alikuwa na majike 38 wa Boran kwenye nyanda hizi zinazoelekea Konza. Walikuwa ng'ombe wa wastani, wa kahawia na weupe wenye kijivu, waliozaliwa hapa, wakala nyasi za hapa na kuzaa hapa bila kumsumbua mtu usiku. Fahali wake wa Boran alikuwa amezeeka. Akapata kwa dalali fahali mwenye damu nyingi ya Charolais: mweupe, mgongo mpana, mapaja yamejaa, shingo nzito. Aliposhuka sote tulinyamaza. Kisha nikasema, mimi, kwamba Lukenya haijaona dume kama hili.

Mchungaji wake wa siku nyingi, mzee wa Kikamba aliyewajua wale ng'ombe mmoja mmoja na mama zao na nyanya zao, hakusifu. Alimzunguka fahali mara mbili, akainama akamtazama chini ya tumbo, akainuka. "Bosi," akauliza, "mamake umemwona?"

Jirani akamjibu, "Mzee, mimi sikwenda kununua mama. Nimenunua fahali."

Nalikumbuka jibu hilo neno kwa neno, maana wakati ule niliona ni jibu zuri.

Lazima niseme jirani hakuwa mpumbavu. Kiwanda cha Kenya Meat Commission kiko Athi River, hapo tu, tangu 1950. Mfugaji aliyezaliwa na kichinjio mlangoni hujifunza mapema kuwaza kwa kilo, kwa sababu kilo ndizo zinazolipwa. Fahali mzito huzaa maksai wazito, na maksai wazito hulipa karo. Hesabu hiyo ni ya kweli, na ikatimia. Ndama wa kwanza walizaliwa 2016. Madume yalipouzwa mwishoni mwa 2018 yalimpa pesa ambazo maksai wake wa Boran hawakuwahi kumpa kwa umri ule. Sote tulimpongeza.

Kosa halikuwa kumnunua fahali yule. Kosa lilikuja pale alipowatazama dada za wale maksai, mitamba 14 wakubwa, weupe, wenye migongo mirefu, akaamua kuwaweka wote wawe mama wa zizi lake la kesho.

Hapo naomba msomaji tusimame kidogo. Fahali wa kuzalisha nyama ya kuuza na fahali wa kuzalisha mama ni kazi mbili tofauti. Ndama wa kuuzwa hudaiwa kitu kimoja, akue haraka. Akiisha kuuzwa, kasoro zake huondoka pamoja naye kwenye lori. Mtamba unayembakiza hudaiwa mengi zaidi: aingie joto mapema, ashike mimba, azae bila kamba, asimame ndama anyonye, awe na maziwa ya kutosha lakini si ya kummaliza, kisha ashike mimba tena kabla mwaka haujapita. Na afanye hivyo Oktoba, nyasi zikiwa za rangi ya udongo. Karibu yote hayo huwezi kuyaona kwa fahali, kwa kuwa fahali hana kiwele. Hana chuchu za kunyonyesha ukazipima, hazai ukamwona akizaa. Lakini anabeba ndani yake kiwele cha mama yake na cha nyanya yake, na atawagawia binti zake nusu ya vinasaba vyao vyote. Ukibakiza mitamba mfululizo, mafahali 3 wa mwisho uliowatumia ndio waliolijenga zizi lako: sehemu 7 kati ya 8 za urithi wa ng'ombe wako zimetoka kwao. Majike uliowapenda na kuwatunza miaka yote wamebakiwa na sehemu moja.

Kwa hiyo swali la yule mzee halikuwa udaku. Lilikuwa ndilo swali lenyewe.

Nimekaa na jirani zaidi ya mara moja tukizihesabu ishara tulizozipita. Ya kwanza ni hiyo. Dalali hakujua fahali alizaliwa na nani, mama yake alizaa mara ngapi, wala alianza kuzaa akiwa na umri gani. Hakukuwa na karatasi. Nchi hii si ngeni kwa kumbukumbu za ukoo wa mifugo. Wafugaji wa Boran wana chama chao tangu 1951, na kuna wenye mashamba watakaokufungulia daftari na kukuonyesha mstari wa mama hadi mama. Tungeuliza, tungepata mahali pa kuonyeshwa. Hatukuuliza kwa sababu mwili wa fahali ulikuwa umeshatujibu.

Mwili ule nao ulianza kutuambia jambo jingine. Baada ya miezi miwili kwenye nyasi tupu, mbavu zilianza kuhesabika. Alikuwa amenoneshwa kwa chakula cha kwenye hori kabla ya kuuzwa. Ukubwa wa ng'ombe hutoka kwa alichorithi na kwa alichokula, na alichokula hawezi kumrithisha ndama. Wale Boran waliokuwa wakichunga naye mita chache kando hawakukonda hivyo. Jirani akasema ni uchovu wa safari. Mimi nikasema atazoea. Miezi miwili, na bado tunataja safari!

Kisha akaja daktari wa mifugo kuchanja, akamtazama fahali akasema korodani zake ni ndogo kwa umri wake. Tulidhani anazungumzia nguvu ya kupanda, na kwa kuwa majike walikuwa wakishika mimba, tulilipuuza. Hatukujua kwamba kipimo hicho kinawahusu binti pia. Imeonekana kwa miaka mingi ya kupima kwamba mafahali wenye korodani kubwa, kwa wastani, huzaa mitamba wanaobalehe mapema zaidi. Marekani mkaguzi hampitishi fahali aliyevuka miaka 2 ikiwa mzunguko wa mfuko wa korodani zake haufiki sentimita 34. Boran na ng'ombe wengine wenye nundu hukomaa polepole zaidi, hivyo namba hiyo tusiibebe ilivyo, lakini utepe wa kupimia ni wa bei ndogo na kazi ni ya dakika chache kwenye kipito cha josho. Sisi hatukuwa na utepe. Tulikuwa na macho, na macho yalikuwa kwenye mapaja.

Ndama wa kwanza nao walisema. Jike wa Boran huzaa ndama mdogo, kilo 25 hadi 30 hivi, ndiyo maana huzaa peke yake kichakani na kurudi jioni na mtoto. Mwaka ule wa 2016 wachungaji waliwavuta ndama wawili kwa kamba usiku, na mmoja alifia mlangoni mwa uhai. Katika zizi ambalo hakuna aliyekuwa akikumbuka mara ya mwisho kamba ilitumika lini, hao wawili walikuwa wengi. Tukasema ni bahati mbaya.

Kuna jambo jingine lililotufunika macho, nalo ni la kisayansi kidogo ila halina ugumu. Ukichanganya aina mbili za ng'ombe zilizo mbali kwa damu, kama Boran na Charolais, kizazi cha kwanza hupata nguvu ya uchotara. Hukua vizuri na kuwa na afya kuliko wastani wa wazazi wake wawili. Nguvu hiyo hutoka kwenye ule mchanganyiko, fahali hakuja nayo peke yake, na mama za Boran waliowanyonyesha wale ndama hadi wakanenepa walistahili nusu ya sifa. Sifa zote tulimpa fahali. Na nguvu hiyo hupungua unapomrudisha chotara kwa damu ya upande mmoja.

Hapo ndipo linaingia kosa ambalo jirani mwenyewe hulitaja akiwa ameinamisha kichwa. Mitamba 14 walipofika umri wa kupandwa mwishoni mwa 2018, baba yao alikuwa bado zizini. Hakukuwa na ua wa kuwatenga, na fahali mwingine ni pesa nyingine. Yule mzee akasema tena, "Bosi, huyu sasa anawarudia watoto wake." Akaambiwa ni msimu huu mmoja tu.

Fahali akimpanda binti yake, kila kinasaba anachopokea ndama kina uwezekano wa robo nzima kuwa nakala mbili za kitu kilekile kutoka kwa fahali yuleyule mmoja. Na kila kiumbe, hata aliye bora, amebeba vinasaba vibovu vilivyolala, visivyofanya lolote mpaka vikutane na pacha wao. Ndoa ya baba na binti huwakutanisha. Mitamba 8 kati ya 14 walishika mimba kwa baba yao. Mmoja alitupa mimba, ndama wawili walizaliwa dhaifu wasisimame vizuri, na waliobaki walikua, lakini walikua kama mahindi yaliyopandwa yamebanana. Wengine 6 walichelewa hata kuingia joto. Mitamba wa mwisho wa yule fahali mzee wa Boran, kwa kumbukumbu ya mchungaji, walikuwa na mimba katika umri ambao hawa walikuwa bado wanakula tu.

Mngetarajia tungeshtuka. Lakini mvua za mwisho wa 2019 zilikuwa kubwa ajabu, mnazikumbuka, zikafuatwa na masika mazuri ya 2020. Lukenya ilikuwa kijani mpaka mlimani. Katika mwaka kama huo kila ng'ombe ni ng'ombe mzuri. Mitamba wakanawiri, walioachwa nyuma wakashika mimba, na jirani akauza majike 10 wa Boran waliozeeka kidogo ili kuwapa nafasi. Wawili kati yao niliwanunua mimi, na sikuwanunua kwa busara. Nilivutwa na bei.

Kisha mvua za vuli za 2020 zikapungua, na za msimu uliofuata, na uliofuata. Ukame ule ulioendelea mpaka mwanzoni mwa 2023 kila mfugaji wa nyanda hizi anaujua bila kusimuliwa.

Tufanye hesabu ndogo ambayo natamani tungeifanya 2018 tukiwa tumekaa kivulini. Ng'ombe hula kwa siku majani makavu ya uzito wa sehemu 2 hadi 2.5 kwa mia ya mwili wake. Jike wa Boran wa kilo 400 anahitaji kilo 10 hivi. Wale mitamba wakiwa wamekomaa walikaribia kilo 520, maana yake kilo 13. Kilo 3 zinaonekana si kitu. Zidisha kwa 14: kilo 42 kila siku, sawa na kuongeza midomo ya Boran wanne ambao hawakuzalii hata ndama mmoja. Mwaka wa mvua ardhi hulipa tofauti hiyo kimya kimya. Mwaka wa ukame ng'ombe mwenyewe hulipa kwa mwili wake, na kitu cha kwanza mwili unachokiacha ni kushika mimba.

Ndivyo ilivyokuwa. Kupe na ndigana kali waliwaandama wale weupe kuliko Boran, josho likiwa lilelile. Wengine walikuwa na chuchu nene kama chupa, ambazo ndama mchanga hawezi kuziingiza mdomoni, na mchungaji alilazimika kuwakamua kidogo kila alfajiri ndama apate pa kuanzia. "Fahali wa kichinjio huyu," yule mzee aliniambia siku moja akiwa amechuchumaa na kikombe mkononi. "Binti zake tunawanyonyeshea sisi." Kufika mwisho wa 2022, kati ya 14 walikuwa wamebaki 7, na wenye ndama mguuni walikuwa 3. Boran nao walikonda, na wengine walikufa, nisiseme uongo. Lakini walio wengi walitoka ng'ambo ya pili wakiwa na mimba. Wawili niliowanunua kwa bei ya chini, wote wawili.

Msomaji atasema, basi tatizo ni kununua fahali asiye na karatasi. Natamani lingekuwa dogo hivyo. Marekani, kwenye ng'ombe wa Angus, nchi ya karatasi na vipimo, kulikuwa na fahali maarufu aliyeitwa GAR Precision 1680, aliyesifiwa kwa ubora wa nyama ya uzao wake. Mbegu zake zilitumika sana, wana wake wakatumika, na wajukuu. Mwaka 2008 ilibainika kwamba ndama waliokuwa wakizaliwa wafu, uti wa mgongo umepinda na miguu imekakamaa, walitokana na kinasaba kibovu kilichopitia kwake. Aliyebeba nakala moja alikuwa mzima kabisa, mzuri wa kutazama. Ni pale wabebaji wa uzao wake walipokutana pande zote mbili ndipo mimba moja kati ya 4, kwa wastani, ikaharibika. Wafugaji wale hawakuwa wazembe. Walimpenda mmoja kupita kiasi, wakawabakiza binti zake, kisha bila kujua wakawaletea mjukuu wake awapande. Kipimo cha kinasaba kilipatikana haraka na waliokitumia walijiokoa. Nalitaja kwa sababu wengi wetu sasa tunatumia uhimilishaji, na mrija wa mbegu kutoka kituo cha mbegu cha Kabete au ng'ambo una fahali ndani yake sawasawa na lori. Naye ana mama, ana binti, na ana kasoro zinazoweza kuulizwa. Uandike jina lake kwenye daftari, ili baada ya miaka 3 usije ukanunua mrija wa mwanawe ukawapandisha binti zake.

Jirani hakuacha Charolais kwa chuki, wala mimi sisemi ng'ombe hao ni wabaya. Ukitaka maksai wa kuuza, mpandishe dume zito kwa majike wakomavu walioshazaa, uza kila ndama, dume na jike, usibakize hata mmoja, hata akikuvutia vipi. Tafadhali, usibakize hata mmoja. Kwa mitamba wa kubaki, tafuta fahali mwingine, na umtafute kwa kuanza na mama yake: alizaa mara ya kwanza lini, amezaa mara ngapi tangu hapo, mwaka wa ukame alikuwa na mimba au hakuwa nayo, chuchu zake zikoje akiwa mzee. Kama fahali ana binti tayari, nenda kawaone hao binti kabla ya kumwona yeye.

Nasema haya nikijua nilivyo. Machi mwaka huu katika zizi langu alizaliwa dume wa kijivu, na anakua kuliko wenzake wote. Kila jioni namtazama. Mke wangu ameniuliza kwa nini sijamhasi bado, nikamjibu kwamba nangoja mwezi upite. Mama yake huruka mwaka mmoja kila baada ya kuzaa. Imeandikwa kwa mkono wangu mwenyewe kwenye daftari, na bado kila jioni natafuta sababu.

Mwaka jana jirani alinichukua twende naye Laikipia kutafuta fahali wa Boran. Mwenye shamba alituletea madume manne, wote safi, mmoja mkubwa kuliko wengine, na nikaona mkono wa jirani ukiinuka kumwelekea, kisha ukashuka. Akasema angependa kwanza kuwaona mama zao. Tulitembea karibu saa nzima juani mpaka tukamfikia mama wa yule wa tatu, ambaye hakuwa mkubwa wala mzuri kuliko wenzake: jike wa kahawia, pembe zimechakaa, umri miaka 13, ndama wake wa 10 akimnyonya. Yule mzee mchungaji, ambaye jirani alimlipia nauli aje nasi, aliweka fimbo yake chini, akachuchumaa kando ya kiwele, akatazama kwa muda mrefu. Jirani alisimama nyuma yake akisubiri.